Sura ya 4: Tukiachana, Ni Nusu kwa Nusu?

Swali hili lina sura mbili. Wanawake huliuliza hivi: "Sijawahi kuajiriwa hata siku moja. Nimelea watoto, nimepika, nimefua, nimemuuguza mama mkwe. Akiniacha leo, nina changu kwenye ile nyumba?" Wanaume nao huliuliza kwa upande wao: "Kiwanja nilinunua mimi, fundi nilimlipa mimi, hati ina jina langu. Ni kweli akiondoka anaondoka na nusu?"

Wengi huwa wamekwisha kujibiwa kabla hawajafika kwa mwanasheria. Saluni wameambiwa ni nusu kwa nusu. Kijiweni wameambiwa mwenye jina kwenye hati ndiye mwenye nyumba. Shangazi naye kasema mwanamke hutoka na nguo zake na vyombo vyake vya jikoni, basi. Majibu yote matatu si sahihi, na kila moja lina madhara yake. Mmoja anakataa suluhu nzuri akingoja nusu ambayo haitakuja. Mwingine anaondoka alfajiri na begi la nguo, akiamini hana lake.

Sheria ya Tanzania Bara na sheria ya Kenya hujibu kwa neno moja: mchango. Ili kulielewa neno hilo tutapitia kesi mbili, ya Dar es Salaam mwaka 1983 na ya Nairobi mwaka 2023. Katika ya kwanza mwanamke alishinda hoja akakosa mali. Katika ya pili watu walitangaziana kwamba nusu kwa nusu imekufa, ilhali mwanamke aliyekuwa kwenye kesi hiyo hiyo alibaki na nusu yake. Atakayeelewa jinsi mambo hayo mawili yalivyowezekana atakuwa ameielewa sheria yenyewe.

Kesi ya Bi Hawa

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ilitungwa mwaka 1971. Kifungu chake cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali ambayo mume na mke wameichuma wakati wa ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Maneno hayo, "juhudi za pamoja", yaliwagawa majaji kwa zaidi ya miaka kumi.

Kambi moja ilisema juhudi ni fedha, au kazi iliyoigusa mali yenyewe. Kupika na kulea ni wajibu wa mke, na mume ameshaulipa wajibu huo kwa kumlisha na kumvisha. Kambi ya pili iliona kwamba kazi ya nyumbani nayo ni juhudi. Mume anaamka anakuta chai ipo, watoto wameoga, shati limepigwa pasi. Anatoka akiwa na utulivu wa kutafuta fedha kutwa nzima, na jioni akirudi hakuna kilichoharibika. Je, angeijenga nyumba hiyo kwa kasi ile ile kama hayo yote yangemngoja yeye?

Mgawanyiko huo ulifika Mahakama ya Rufani, mahakama ya juu kuliko zote Tanzania, kwa kesi ambayo wanasheria mpaka leo huiita kesi ya Bi Hawa. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani. Alipoachika, mahakama ya mwanzo ilimwona ni mke tu, asiye na mchango wowote kwenye mali ya mumewe. Alichostahili, kwa mtazamo huo, kilikuwa kitoka nyumba, yaani zawadi ya kuagana anayopewa mke aliyeachwa kwa taratibu za Kiislamu. Hakukubali. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi juu.

Hukumu ilitoka mwaka 1983, ikiandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Aliuliza swali ambalo kila mwanasheria angepaswa kuuliza mbele ya sheria isiyo wazi: ilitungwa kuponya ugonjwa gani? Jibu lake lilikuwa kwamba Sheria ya Ndoa ilikuja kuondoa unyonyaji na ukandamizaji wa wanawake walioolewa. Ukiisoma kwa jicho hilo, huwezi kusema kazi ya nyumbani haihesabiki. Ustawi wa familia ni sehemu ya uchumi wa familia, na anayeutunza anachangia. Tangu siku hiyo mama wa nyumbani wa Tanzania Bara ana mchango unaotambuliwa na sheria.

Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama iliona kwamba mumewe alimpa fedha za kuendesha mradi wa familia, naye akazitapanya. Kwa kuzitapanya, ikasema, alichukua zaidi ya kile ambacho kazi yake ya nyumbani ingemstahilisha.

Jambo hilo huniuma kila ninapoisoma hukumu ile. Mwanamke aliyewafungulia mlango maelfu ya wenzake alibaki nje. Hata hivyo humo ndimo lilimo somo ambalo saluni na kijiweni hawalisemi: mchango wa kila mmoja hupimwa, na kipimo kinaweza kupanda au kushuka.

*Kwa kifupi:* Tanzania Bara, kazi ya nyumbani ni mchango. Haikupi nusu papo hapo. Inakupa haki ya kupimiwa.

Mahakama inapimaje?

Kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mambo manne:

- mila na desturi za jamii wanakotoka wanandoa;
- kiasi ambacho kila mmoja amechangia, kwa fedha, kwa mali au kwa kazi;
- madeni ambayo mmoja wao ameyachukua kwa faida ya wote;
- mahitaji ya watoto wao ambao bado ni wadogo.

Ikishayazingatia hayo, sheria inaiambia mahakama iegemee kwenye usawa. Kuegemea si kulazimishwa. Hakimu anaanza safari akiwa ameelekea upande wa nusu, kisha ushahidi unambeba huku au kule.

Jambo la kwanza katika orodha hiyo linanitia wasiwasi. Zipo jamii ambazo mila yake ni kwamba mwanamke hamiliki ardhi, na mila ya namna hiyo ikipewa uzito inameza yote yanayofuata. Bahati njema ni kwamba mahakama za juu zimeweka mkazo kwenye jambo la pili. Miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani imerudia zaidi ya mara moja kwamba kiwango cha mchango ni suala la ushahidi. Anayedai ndiye anayethibitisha.

Mali gani basi huingia kwenye mizani? Chukua mfano wa mume dereva wa lori na mke muuza maandazi. Mume alinunua kiwanja miaka mitatu kabla ya kuoa. Baada ya ndoa wakajenga vyumba vinne, mke akitoa fedha ya saruji kutoka kwenye kikoba chake. Mume anasema: kiwanja ni changu, kilikuwapo kabla yako. Ni kweli kilikuwapo, lakini sheria inasema mali ya kabla ya ndoa ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi wa pili, au kwa nguvu za wote wawili, nayo huhesabika kuwa mali ya kugawanywa. Saruji ya maandazi imeingia kwenye kile kiwanja.

Shamba alilorithi mume kwa baba yake, ambalo mke hajawahi kulikanyaga, halimo. Kinyume chake pia ni kweli: kiwanja alichorithi mke kwao si cha mume kwa sababu tu yeye ni kichwa cha familia.

Kisha kuna nyumba inayowaliza wengi, ile iliyojengwa nyuma ya nyumba ya wakwe. Mnajenga kwa miaka kumi kwenye uwanja wa mama mkwe, mnaachana, na mama mkwe anatoa hati yenye jina lake. Mahakama haiwezi kugawa mali ya mtu wa tatu kati ya mume na mke. Unaweza kudai gharama ulizoingiza, lakini bila maandishi ya makubaliano na huyo mama safari ni ngumu. Dawa yake ni ya mwanzoni, siku ya kuchimba msingi: andikeni, pande zote zitie saini, na ofisi ya serikali ya mtaa ishuhudie.

Nairobi, tarehe 27 Januari 2023

Kenya ilipita njia ndefu zaidi. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mali za wanandoa wa Kenya ziligawanywa kwa sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1882. Mwaka 2007, katika kesi ya Echaria, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema wazi kwamba mke ambaye hakutoa fedha hawezi kupewa fungu kwa sababu ya kazi za nyumbani, mpaka Bunge litunge sheria inayosema hivyo. Dar es Salaam ilikuwa imeshalimaliza swali hilo miaka 24 nyuma.

Mabadiliko yalikuja kwa mikupuo miwili. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 45, ilisema mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja. Kisha Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 ikaeleza mchango ni nini, tena kwa kuutaja mmoja mmoja: fedha, kazi za nyumbani, malezi ya watoto, usimamizi wa biashara ya familia, kazi za shambani, hata kuwa mwenza wa mwenzio. Lakini kifungu cha 7 cha sheria hiyo kikasema umiliki utafuata mchango wa kila mmoja. Chama cha wanasheria wanawake, FIDA Kenya, kilikwenda Mahakama Kuu kukipinga kifungu hicho, kikisema kinapingana na usawa wa Katiba. Mwaka 2018 kilishindwa.

Swali likabaki likining'inia. Katiba inasema haki sawa. Je, haki sawa maana yake mafungu sawa?

Jibu lilitoka Mahakama ya Juu ya Kenya tarehe 27 Januari 2023. Mume na mke walikuwa wakigombea nyumba yao na vyumba vya kupangisha jijini Nairobi. Mahakama Kuu ilimpa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Rufaa ikampa nusu ya vyote. Mume akakata rufaa.

Mahakama ya Juu ilisema mambo mawili ambayo lazima yasomwe pamoja. La kwanza: ibara ya 45 haimpi mtu nusu kwa sababu tu ya cheti cha ndoa. Ingekuwa hivyo, walisema majaji, mtu angeweza kuingia kwenye ndoa, akakaa bila kuchangia chochote, kisha akaivunja na kungoja fungu lake. La pili: katika kesi hii mke alithibitisha mchango wake, wa fedha na usio wa fedha, na mchango huo unastahili nusu. Rufaa ya mume ikatupwa.

Maneno ya kwanza yalisambaa nchi nzima kabla ya jua kuzama. Ya pili hayakusafiri. Wanaume walishangilia kushindwa kwa mwanamke ambaye, kwa hakika, alikuwa ameshinda.

Siku hiyo hiyo mahakama ile ile iliamua kesi nyingine, ya mwanamume na mwanamke waliokuwa wameishi pamoja miaka mingi. Ilikataa kuwaita mume na mke. Lakini kwa kuwa wote wawili walichangia kwenye mali, iligawa asilimia 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume. Hawakuwa na ndoa, na bado mchango ulihesabiwa.

*Kwa kifupi:* Kenya, kama Tanzania Bara, haina nusu ya bure. Ina nusu inayothibitishwa, na inaweza kuwa zaidi ya nusu.

Kazi isiyo na risiti

Hapa niseme ninachoamini. Kanuni ya mchango ni ya haki ikiandikwa kwenye karatasi. Ikiingia mahakamani, inampendelea mwenye karatasi.

Fikiria shahidi wa kiume. Anaweka mbele ya hakimu mkataba wa mauziano ya kiwanja, risiti za mabati, taarifa ya benki ya miaka sita. Kisha anapanda mke. Amepika mara tatu kwa siku kwa miaka 18. Amekesha na mtoto mwenye degedege. Amelima, amepeta, amebeba maji kichwani ili fundi apate ya kuchanganyia zege. Wakili wa upande wa pili anamuuliza: "Una risiti?" Hana. Kupika hakutoi risiti. Kulea hakuna taarifa ya benki. Na zile fedha zake za maandazi alimkabidhi mumewe mkononi, jioni, sebuleni, kwa sababu alikuwa mumewe. Mke gani humdai mumewe saini?

Sheria ya Kenya ilijaribu kulilainisha hili. Mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ameishikilia kwa amana, yaani kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka athibitishe vinginevyo. Sheria ya Tanzania inaanzia upande wa pili: mali yenye jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake, na mwenzake ndiye wa kuthibitisha kinyume. Naamini Bunge la Tanzania linapaswa kuligeuza hilo. Ndoa ikishadumu miaka mingi na watoto wakalelewa humo, mwenye kubeba mzigo wa kuthibitisha awe yule anayesema mwenzake hakuchangia. Yeye ndiye aliyekula kile chakula.

Mpaka sheria ibadilike, inabidi kuishi kwa ile iliyopo, na iliyopo inataka ushahidi. Ushahidi si risiti peke yake. Hakimu anaweza kuusikiliza na kuupa uzito ufuatao:

- daftari la kikoba, chama au SACCOS linaloonyesha uliweka na ulikopa lini;
- miamala ya simu, hasa ile uliyomtumia fundi, muuza matofali au mwenzio;
- fundi mwenyewe, aje aseme nani alikuwa akimlipa na nani alikuwa akimpikia;
- mjumbe au mwenyekiti wa mtaa aliyewaona mkihamia na kuanza kujenga;
- majirani, ndugu, na watoto waliokwisha kuwa watu wazima;
- mkataba wa mkopo wenye jina lako, hata kama fedha zilikwenda kwenye nyumba ya jina lake.

Shahidi anayeeleza alichokiona kwa macho yake ana thamani kubwa. Jirani anayesema "nilimwona akimwagilia matofali kila asubuhi mwaka mzima" amethibitisha mchango. Anayesema "huyu mama ni mtu mzuri" hajathibitisha kitu.

Talaka ya nyumbani haigawi nyumba

Jambo hili ni fupi lakini limewapotezea watu miaka. Tanzania Bara, mahakama hugawa mali pale inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya hapo. Karatasi aliyoandikiwa mke nyumbani, au maneno aliyotamkiwa mbele ya mashahidi, hayaipi mahakama mlango wa kuigusa nyumba. Kwa kawaida unaanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati inayojulikana kama Fomu Namba 3, nayo ndiyo unayoipeleka mahakamani. Mahakama ya mwanzo inatosha, huhitaji kuanzia mbali. Utaratibu huu unawahusu Waislamu, Wakristo na walioana kimila. Waliokwenda mahakamani bila fomu hiyo, na bila sababu ambayo sheria inairuhusu, wamewahi kuona kesi nzima ikifutwa.

Zanzibar ina njia yake, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko, na ndoa za Waislamu husikilizwa na mahakama za kadhi. Kenya nako, Waislamu wanaweza kuchagua mali zao zigawanywe kwa sheria ya Kiislamu.

Wakati bado mko pamoja

Wanaosoma sura hii wakiwa na amani nyumbani mwao ndio wenye nafasi kubwa kuliko wote, kwa sababu sheria inawapa zana ambazo baada ya ugomvi huwa zimepitwa na wakati.

Ya kwanza ni ridhaa. Nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili, hata kama hati ina jina moja. Ukiona dalili kwamba inataka kuuzwa, Tanzania unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati, ili atakayetaka kununua au kukopesha akute maslahi yako yameandikwa. Usingoje dalali alete wateja sebuleni.

Ya pili ni majina. Mali iliyoandikwa majina ya wote wawili, Tanzania na Kenya, sheria huanza kwa kuichukulia kuwa ni ya wote kwa mafungu sawa. Mzigo wa kuthibitisha vinginevyo unahamia kwa anayepinga. Mstari mmoja kwenye hati unafanya kazi ambayo mashahidi watano hawawezi kuifanya.

Wapo watakaosema kuzungumza haya ndani ya ndoa ni kuitabiria kifo. Sikubaliani nao. Wosia haumuui mwenye kuuandika, na majina mawili kwenye hati hayajawahi kuvunja nyumba. Mume anayeuweka wazi mchango wa mkewe akiwa hai anamlinda pia dhidi ya ndugu watakaokuja na funguo siku ya arobaini. Mke anayehifadhi risiti za mumewe pamoja na zake anamlinda mumewe dhidi ya madai ya uongo.

Hati yenu iko wapi? Itoeni leo jioni, muisome wote wawili. Ikiwa na jina moja, nendeni ofisi ya ardhi mkaulize utaratibu wa kuongeza la pili, mkiwa bado mnakwenda pamoja.